Damu, Nasaba na Mkunjo wa Kanga

Kuna neno moja ambalo sisi tulio huku ughaibuni tulilibeba pamoja na masanduku yetu, na mpaka leo hatujalikagua. Neno lenyewe ni "damu". Kijana akifanya vyema shuleni, twasema ni damu ya babu yake. Akiharibikiwa, twasema vivyo hivyo. Akija kuposa, jambo la kwanza tunalouliza ni la damu: katoka nyumba gani, na nyumba ile ina nini.

Miaka michache iliyopita sisi wachache tuliitwa katika nyumba moja hapa London, tukiwa wazee wa upande wa binti, kusikiliza posa. Mshenga alikuja kwa adabu zote. Kijana mwenyewe alikuwa na kazi yake, na tabia zake tulizijua. Mshenga alipokwisha kuondoka, mama mmoja wa makamo akasema kwa sauti ya chini: "Jamani, nyumba ile hatuisemi vibaya, lakini yule dada yake ana selimundu. Damu yao ina kitu." Hakuna aliyemjibu. Tukanywa chai, tukala sambusa, tukaagana. Jibu la posa halikupelekwa mpaka leo.

Mwaka uliofuata kaka wa binti yule alipata mtoto. Hapa Uingereza mtoto mchanga hutobolewa kisigino siku chache baada ya kuzaliwa, wazazi wakiridhia, ili tone la damu yake lipimwe maradhi kadhaa, selimundu likiwa mojawapo. Karatasi ikaja nyumbani kuwaarifu kwamba mtoto ni mzima, lakini amebeba alama ya selimundu kutoka kwa mmoja wa wazazi wake. Walipopimwa, alama ikaonekana kwa baba. Yaani kile "kitu" tulichokikimbia katika nyumba ya watu kilikuwa kimekaa nasi sebuleni siku ile, kikinywa chai.

Tangu wakati huo swali limetukaa, na leo tunalileta kwenu. Je, ni haki kumhukumu mtu kwa kilichoandikwa ndani yake? Na kabla hata ya kufika kwenye haki: tunapodai kwamba tunaijua damu ya mtu, hasa tunajua nini?

Tuanze na neno lenyewe. Maandishi ya urithi wetu, yaani DNA, hukaa ndani ya kiini cha seli. Lakini chembe nyekundu za damu ya binadamu, na za wanyama wote wanyonyeshao, hutupa kiini chao kabla ya kuingia kazini. Zikikomaa hazina kiini, na kwa hiyo hazina maandishi ya nasaba ndani yake. Daktari akitaka kusoma nasaba ya mtu kutoka kwenye damu yake, huzitafuta chembe nyeupe. Wekundu ule tunaouapia hauna hata herufi moja ya ukoo. Tunaikubali lugha ya wazee wetu kuwa ni mfano tu, lakini ni vyema tukumbuke kwamba ni mfano.

Basi tuingie kwenye kiini. Maandishi yenyewe ni uzi mwembamba mno. Ukiunyoosha uzi wa seli moja ya mtu, kutoka kromosomu zote 46, utapata urefu wa kama mita 2. Uzi huo una herufi zipatazo bilioni 3 zilizotoka kwa mama, na nyingine kama hizo zilizotoka kwa baba. Mita hizo mbili zimewekwa ndani ya kiini ambacho upana wake ni kama sehemu moja ya mia ya milimita. Swali la kwanza, basi, ni la nafasi: vimeingiaje humo? Swali la pili ni zito zaidi. Seli ya ini na seli ya ubongo za mtu mmoja zina maandishi yale yale. Kwa nini basi moja ni ini na nyingine ni ubongo?

Hapa tunaomba tutumie mfano wa nyumbani. Kila mmoja wetu analijua kasha la mama, na kanga zilizopangwa ndani yake. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yale maneno yaliyochapwa chini. Ikikunjwa na jina likaingia ndani, mtu aweza kuishika mkononi asijue inasema nini. Ikikunjwa kwa namna nyingine, jina litakaa juu na kila apitaye atalisoma. Kanga ni ile ile, na jina halikubadilika hata nukta. Kilichobadilika ni mkunjo, na kwa mkunjo huo kimebadilika kinachosomwa.

Uzi wa DNA nao hukunjwa, na wakunjaji wake ni protini. Wa kwanza huitwa histoni. Histoni nane hukaa pamoja kama kibunda, na uzi hukizunguka kibunda hicho karibu mara mbili, herufi 147 kwa kila kibunda, kisha huendelea mpaka kibunda kinachofuata. Mfumo huo ulielezwa na Roger Kornberg mwaka 1974. Uzi na protini zake kwa pamoja ndio uitwao kromatini. Mahali palipobanwa sana, mashine za seli hazipati nafasi ya kusoma. Mahali palipolegezwa husomeka.

Lakini kubana na kulegeza hakutoshi. Katika uzi mrefu namna hiyo, jeni moja, yaani sehemu yenye maelekezo ya kutengeneza kitu fulani, huweza kukaa mbali sana na sehemu inayoiamsha. Sehemu hizo za kuamsha tuziite swichi. Ili swichi iifikie jeni yake, uzi hufanywa kitanzi. Mtengenezaji wa kitanzi ni protini yenye umbo la pete, iitwayo kohesini. Pete hiyo huushika uzi na kuuvuta upitie ndani yake, na kitanzi kikazidi kukua, mithili ya mtu anayevuta kamba kupitia kikuku. Mwaka 2019 watafiti waliweza kuiona kohesini ya binadamu ikifanya kazi hiyo chini ya darubini. Pete haivuti bila kikomo. Mahali maalumu katika uzi husimama protini nyingine, CTCF, ambayo ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1990 katika utafiti wa seli za kuku. Hiyo ni kama kigingi cha mpaka. Pete ikifika kwenye kigingi kinachoielekea, kwa kawaida husimama. Hivyo uzi hugawanyika katika mitaa, na kila mtaa una swichi zake na jeni zake. Mitaa hiyo ilianza kuonekana wazi mwaka 2012, na imeonekana kwa binadamu na kwa panya pia.

Mipaka hiyo si mapambo. Mwaka 2015 watafiti wa Berlin na wenzao walieleza habari za familia kadhaa zilizokuwa na vidole vyenye hitilafu: kwa wengine vilikuwa vifupi, kwa wengine vimeungana, na kwa wengine vimezidi idadi. Jeni iliyoharibu umbo la kidole haikuwa na kosa la herufi hata moja. Kosa lilikuwa la mpaka. Kipande cha uzi chenye mpaka kilikuwa kimekatika, au kimegeuzwa, au kimerudufiwa, na swichi za jeni moja zikaanza kumwamsha jirani ambaye hakutakiwa kuamka mahali pale. Walipoyarudia mabadiliko hayo kwa panya, vidole vya panya vikapata hitilafu za namna hiyo.

Mpaka hapa wako watakaotuambia: naam, basi mmetupa jibu. Mtu si maandishi yake, mtu ni mkunjo wake. Tena wahenga walilijua hilo kabla ya darubini, waliposema samaki mkunje angali mbichi.

Sisi tunasema tusikimbilie huko. Tukilitoa neno "damu" na kuweka neno "mkunjo" mahali pake, tutakuwa tumebadilisha kanga tu na kuacha kesi ile ile. Jana tulisema, "Hana budi, ndiyo damu yake." Kesho tutasema, "Hana budi, ndivyo alivyokunjwa." Mtoto aliyelelewa vibaya tutampiga mhuri kama tulivyompiga mhuri aliyezaliwa na alama. Wala sayansi yenyewe haituruhusu. Mwaka 2017 watafiti waliiondoa kohesini katika seli za binadamu zilizokuwa zikikuzwa maabara. Katika muda mfupi vitanzi vikatoweka, lakini jeni nyingi zikaendelea kusomwa karibu kama kawaida kwa saa zile walizozipima. Kohesini iliporudishwa, vitanzi navyo vikarudi. Kwa hiyo mkunjo ni jambo kubwa, lakini si mfalme wa peke yake. Na jambo linalotupendeza zaidi ni kwamba unaweza kukunjuliwa.

Huko Roslin, karibu na Edinburgh, kondoo aitwaye Dolly alizaliwa tarehe 5 Julai 1996. Kiini kilichomtengeneza kilitolewa katika seli ya kiwele cha kondoo mzima wa miaka sita, kikatiwa ndani ya yai lililoondolewa kiini chake. Majaribio yalikuwa 277, akapatikana mwanakondoo mmoja. Maana yake ni nini? Seli ile ya kiwele, ambayo kwa miaka ilikuwa kiwele tu, ilikuwa bado na maelekezo ya jicho, na ya ini, na ya sufu, na ya kondoo mzima. Yalikuwa yamekunjwa, hayakufutwa. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka na mwenzake wa Japani walizirudisha seli za kawaida za panya kwenye hali inayofanana na ya utoto wa mwanzo kabisa, kwa kutumia jeni nne tu. Samaki waliyemkunjua hakuwa mbichi, wala hakuvunjika. Wahenga hawakukosea kwamba mapema ni rahisi. Ila methali yao hatuna ruhusa ya kuigeuza sababu ya kumkatia tamaa aliyekwisha kukomaa.

Sasa turudi kwenye selimundu, maana ndilo lililotuleta hapa, na ndipo habari ya mkunjo inapogusa nyumba zetu. Ugonjwa huu unajulikana vizuri kwetu Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo, na unajulikana pia Omani na nchi nyingine za Ghuba. Asili yake ni herufi moja. Katika bilioni zote zile, herufi moja ya jeni ya himoglobini imebadilika, na chembe nyekundu hupinda kama mundu. Aliyerithi alama hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida huwa mzima, na tena hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1954 na Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya na kufanya utafiti wake Afrika Mashariki. Kumbe alama ile ambayo mama yule aliiita "kitu" ilienea kwa sababu iliwaokoa watoto wa mababu zetu. Anayeugua ni yule aliyeirithi kutoka pande zote mbili. Kwa hiyo nyumba inayomlaumu mke kwamba "ametuletea ugonjwa" inasema uongo wa hesabu: mtoto haugui selimundu ya namna hii bila baba naye kuchangia.

Lakini kuna jambo la ajabu zaidi. Mwaka 1948 daktari Janet Watson wa New York alitambua kwamba watoto wachanga waliorithi alama hii hawaonyeshi ugonjwa mara tu wanapozaliwa. Sababu ni kwamba tumboni mtoto hutumia himoglobini nyingine, ya kijusi, inayotoka kwenye jeni nyingine iliyo jirani, nayo haipindi. Baada ya kuzaliwa, kitanzi cha uzi huhama. Swichi kubwa iliyokuwa ikiiamsha jeni ya kijusi huelekea kwenye jeni ya ukubwani, na ile ya kwanza hukunjwa na kunyamazishwa. Miezi ikipita, maumivu huanza. Jeni nzima isiyo na kosa imo ndani ya kila mgonjwa wa selimundu. Haikupotea, ila imefungiwa kashani.

Mwaka 2014 watafiti wa Philadelphia walichukua sehemu ya protini inayosaidia kufunga vitanzi, wakaifikisha kwa makusudi kwenye jeni ya kijusi katika seli za watu wazima. Kitanzi kikafungwa pale, na jeni iliyolala ikaamka. Na wako watu ambao kasha lao halikufungwa sawasawa tangu mwanzo. Mashariki mwa Saudi Arabia wengi wenye ugonjwa huu hubaki na himoglobini nyingi ya kijusi hata ukubwani, na mara nyingi ugonjwa wao huwa mwepesi zaidi. Herufi ni ile ile iliyomlaza mwingine hospitalini.

Tiba nazo zimefuata njia hiyo. Dawa ya vidonge iitwayo hidroksiyurea huongeza himoglobini ya kijusi, na majaribio yaliyofanywa Uganda, Kenya, Kongo na Angola, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalionyesha kwamba inawafaa watoto wa huko. Novemba 2023 Uingereza ikawa nchi ya kwanza kuruhusu tiba iitwayo Casgevy. Katika tiba hiyo seli za uboho wa mgonjwa hutolewa, hukatwa mahali padogo ili protini inayoinyamazisha jeni ya kijusi ipungue, kisha hurudishwa mwilini. Hawarekebishi ile herufi iliyokosewa. Wanafungua kasha. Bei yake iliyotangazwa Marekani ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Hapo pana swali jingine la haki, maana wagonjwa walio wengi duniani wako Afrika, ambako hata hivyo vidonge havimfikii kila mtoto.

Je, haya yote yanatufundisha maadili? Hapa tunataka tuwe waangalifu. Kohesini haina nia njema wala mbaya. Kigingi cha CTCF hakijui uadilifu. Anayechukua mwenendo wa protini akaufanya sheria ya watu hana tofauti kubwa na yule aliyechukua damu akaifanya sheria ya watu. Sayansi haitupi maadili. Inachofanya ni kutunyang'anya kisingizio. Siku ile ya posa tulijisitiri nyuma ya maumbile, kana kwamba si sisi tuliokataa, ni damu iliyokataa. Sasa tunajua kwamba maumbile hayakusema lolote. Aliyekataa ni sisi, na aliyenyamaza ni sisi.

Na tusieleweke vibaya. Hatusemi watu wasipimwe. Kinyume chake, wachumba wote wawili wapimwe, kwani wakiwa wote wamebeba alama, kila mimba yao ina nafasi moja katika nne ya mtoto mgonjwa, na ni haki yao kulijua hilo mapema. Saudi Arabia imelazimisha vipimo vya namna hii kabla ya ndoa tangu mwaka 2004. Lakini kupima ni tofauti na kudharau. Anayepima huwauliza wote wawili, akawapa habari, kisha akawaachia uamuzi wao. Sisi hatukupima. Tuliuliza upande mmoja tu, na wa kwetu tukauona ni safi kwa sababu ni wa kwetu. Kama wawili wale wangepimwa, pengine ingeonekana kwamba hawakupaswa kuwa na hofu yoyote, na pengine ingeonekana kwamba wana jambo zito la kuamua. Hatutajua, kwa kuwa tuliwaamulia.

Wako watakaouliza: ikiwa mtu hakuchagua herufi zake, wala hakuchagua mikono iliyomkunja akiwa mdogo, basi alaumiwe kwa lipi? Jibu letu ni fupi, na huenda halitoshi. Alaumiwe kwa yale aliyo nayo mkononi sasa, ambayo angeweza kuyafungua akayafunga, au kuyafunga akayafungua. Dada yake yule kijana hana lawama kwa maumivu yake. Wazazi wake hawana lawama kwa kumzaa. Sisi tuliokuwa na ulimi mzima sebuleni mle, tukaufanya jina la kanga lililokunjwa ndani, ndio tuna la kujibu.

Kijana yule ameoa kwingine, na binti ameolewa. Hatuwezi kuwarudishia chochote. Tumeandika haya kwa sababu posa nyingine zitakuja katika nyumba zetu, hapa na Muscat na Toronto, na mtu atainamisha sauti tena na kulitaja neno lile. Siku hiyo, ndugu wasomaji, tunaomba asiwepo wa kuendelea na chai yake. Aulizwe kwa heshima, kama anavyostahili kuulizwa mtu mzima: "Bi mkubwa, na sisi je, tumepimwa?"